Mpira Uliobaki Kwenye Nyasi

Jumamosi, 12 Aprili.

Asubuhi: ukungu hadi mlangoni pa jikoni, baridi ya kuuma vidole, mvua hakuna. Nilipotoka kuwasha jiko niliona kwa mwanga wa tochi ng'ombe wa jirani wakitoa mvuke puani, nikafurahi. Wiki nzima ilikuwa imenyesha bila huruma. Nikajiambia, ikiwa hapa Kuresoi kumepumua, huko Nakuru uwanja utakuwa mkavu kabisa.

Naandika kwa mpangilio, kama kawaida yangu. Nikianza kuruka huku na kule nitaacha yale yanayoniuma.

Tumeshindwa.

Kwa yule anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi hulima viazi, na jioni hufundisha watoto besiboli katika uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na kwetu. Mchezo huu niliujua nikiwa sekondari. Watoto wangu ni wa miaka kumi na miwili kurudi chini, wavulana na wasichana pamoja. Leo yalikuwa mashindano ya kanda. Anayeshinda kanda huenda Nairobi, na anayeshinda Nairobi hupanda ndege kwenda kucheza na watoto wa nchi nyingine.

Binti yangu Cherono ndiye mrushaji wetu. Ana miaka kumi na miwili. Mwaka ujao hataruhusiwa, na timu ya wakubwa huku kwetu hakuna. Olenguruone hakuna, Molo hakuna. Kwa hivyo leo haikuwa mechi tu kwake. Tukishinda, anaendelea kucheza. Tukishindwa, imeisha.

Alikuwa akilijua hilo kuliko mimi. Tangu mavuno yaliyopita amekuwa akiokota viazi vilivyooza shambani, mdogo wake anamrushia, naye anavipiga kwa mpini wa jembe. Vinapasuka hewani na harufu yake inamganda kwenye sweta. Nimefua sweta hilo mara nyingi. Harufu haitoki.

Sasa niseme juu ya rounda, maana bila hiyo haitaeleweka.

Kila mtoto wa huku hucheza rounda kabla hajajua kusoma. Inafanana na besiboli: unapiga mpira, unakimbia besi moja hadi nyingine, unarudi besi ya nyumbani unapata alama. Lakini mpira wetu ni wa makaratasi ya plastiki na kamba za gunia, ni mwepesi, na sheria ni moja: ukigongwa nao ukikimbia, umeenda. Umekufa. Unakaa kando. Ndio utamu wa mchezo wenyewe, kumlenga mtu mgongoni na watu wapige kelele.

Katika besiboli mpira ni mgumu kama jiwe na mtu hagongwi. Unamgusa ukiwa umeushika, ama unamrushia mwenzako aliye kwenye besi. Hilo limekuwa somo langu la kwanza na la mwisho kila jioni. Januari nilipiga rounda marufuku kabisa, hata wakati wa mapumziko shuleni. Nilitaka mikono yao isahau.

Jumatano mvua ilitukimbiza uwanjani, tukaingia ghala la viazi la jirani. Watoto walikuwa wakitetemeka. Wafula, mdakaji wetu, mdomo wake haujui kufungwa, akasema, "Kocha, si tucheze karounda kadogo tupate joto? Kadogo tu, kama dawa."

Wote wakacheka. Cherono hakucheka. Akaniangalia, akasema, "Kocha, si ulitukataza?"

Uwanjani huniita Kocha. Ni yeye alianza, sikumwambia. Nyumbani ni Mama.

Nikasema, "Leo tu."

Na nilicheza nao. Nilimgonga Wafula kwenye makalio na tukacheka hadi tukasahau baridi.

Leo tuliondoka gizani na lori la viazi la Baba Njeri, ambaye hupeleka mzigo Nakuru kila Jumamosi. Watoto juu ya magunia, turubai juu yao, mimi mbele. Njia nzima Baba Njeri alikuwa akinitania. "Mama Cherono, mkishinda nitoe viazi nibebe kombe. Mkishindwa mnanisaidia kushusha mzigo." Nikamwambia aandae nafasi ya kombe. Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na uhakika wa kijinga.

Nakuru jua lilikuwa limewaka. Watoto wakavua masweta wakayarundika mahali pamoja, kama gunia lingine. Timu ya mjini ilikuwa na nguo nyeupe zenye namba mgongoni. Wakatuangalia tukishuka kwenye lori.

"Niaje watu wa waru!" mmoja akapaza sauti, kwa maana ya viazi. "Mmeleta gunia ngapi?"

Wafula akajibu kabla sijamziba. "Tumeleta za kuwapiga nazo. Chagueni saizi."

Mechi ya kwanza, na timu kutoka upande wa Naivasha, tulishinda bila jasho. Ya pili ndiyo ilikuwa fainali, na wale wa nguo nyeupe. Sitaandika yote. Niandike tu kwamba katika zamu ya tatu Cherono aliupiga mpira ukapita juu ya vichwa vyao wote hadi kwenye ua, na Wafula akasimama kwenye benchi akiimba, "Chipsi tayari! Nani anataka tomato?" Hata wale wa mjini walicheka. Nilimtazama mtoto wangu akizunguka besi zote nne, hana haraka, meno nje. Nitaishika picha hiyo. Sijui nitaifanyia nini.

Tuliingia zamu ya mwisho tukiwa na sita, wao tano. Wao ndio walikuwa wakipiga. Wawili wao walikuwa tayari wametoka, kwa hivyo tulihitaji mmoja tu. Walikuwa na mkimbiaji kwenye besi ya pili na mwingine ya tatu.

Cherono akarusha. Mpigaji akaugonga vibaya, mpira ukaviringika polepole upande wa besi ya tatu. Cherono akashuka, akauokota vizuri sana, mkono wazi, kama tulivyofanya mara nyingi. Kwenye besi ya kwanza mwenzake alikuwa amesimama, glavu imenyooshwa, anamngoja. Muda ulikuwepo. Angeurusha pale, mechi ingekwisha, tungekuwa Nairobi.

Lakini yule mkimbiaji wa besi ya tatu alipita mbele yake, karibu, amegeuza mgongo.

Akamgonga.

Ulikuwa mrusho mzuri. Ulimpata katikati ya mabega, na mlio wake niliusikia nilipokuwa. Yule mtoto akaanguka kifudifudi juu ya besi ya nyumbani. Cherono akainua mikono yote miwili akapiga kelele, "Umeendaaa!"

Na watoto wangu wote tisa wakaruka. Wote. Wafula akatupa kofia yake ya chuma juu. Aliyekuwa besi ya kwanza akakimbilia katikati kumkumbatia Cherono, na waliokuwa mbali kule nyuma wakaja mbio wakipiga nduru. Mpira ulikuwa umeruka kando, umekaa kwenye nyasi, na hakukuwa na mtoto wangu hata mmoja aliyeukumbuka.

Mkimbiaji wa besi ya pili alipita katikati ya sherehe yetu kama anayetembea tu. Akawaangalia, akashangaa, akakanyaga besi ya nyumbani.

Pamoja na ya yule aliyeanguka, saba kwa sita.

Watoto walichelewa kuelewa. Nafikiri hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi, kuwaangalia wakielewa mmoja mmoja. Wafula alikuwa wa kwanza kunyamaza, na nilijua kitu kikimnyamazisha Wafula hakina dawa. Cherono alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado anacheka, anauliza wenzake, "Nini? Ni nini?"

Refa alinijia taratibu. Ni mtu mzima, mpole. "Kocha," akasema, "mchezaji hagongwi. Huyo anaguswa, ama mpira unapelekwa besi."

"Najua," nikamjibu. "Mimi ndiye huwafundisha."

Akanipa mkono.

Yule mtoto aliyegongwa alikuwa ameketi chini analia, mama mmoja anamkanda mgongo kwa maji baridi. Nilimpeleka Cherono akaombe msamaha. Alisimama mbele yake akichimba nyasi kwa ncha ya kiatu. Mwishowe yule mtoto ndiye alimhurumia. Akajifuta kamasi kwa mkono wa nguo yake nyeupe akasema, "Ni sawa tu. Si tumeshinda."

Tuliporudi kwenye lori, Baba Njeri alikuwa amelala kwenye usukani. Akaamka akaanza, "Haya, kombe liko w—" kisha akaona nyuso. Akashuka akawapandisha watoto mmoja mmoja kwa kuwabeba, hata wakubwa. Magunia yalikuwa yameisha, kwa hivyo waliketi kwenye sakafu ya lori iliyokuwa na udongo wa viazi. Radio hakuifungulia njia nzima.

Molo tulisimama kuweka mafuta. Baridi ilikuwa imerudi. Niliposhuka kuwahesabu nilisikia kicheko. Walikuwa wamekunja soksi ya mtu, na kando ya kituo cha mafuta walikuwa wanacheza rounda. Wafula alikuwa anakimbia akiruka ruka kama mbuzi, na mdogo wao mmoja akampata kwenye sikio. "Umeenda!" wakalia wote.

Sikuwakataza. Wamerudi kwenye mchezo wao. Kesho watakuwa wamesahau nusu, na Jumatatu watasahau nusu nyingine, na baadhi yao wana mwaka mwingine, na wengine miwili.

Cherono hakushuka. Alikuwa kwenye kona ya lori, amejifunika lile sweta kichwani. Niliona tu viatu.

Nyumbani alikula, nikashangaa. Akaosha sahani yake. Akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa nje ya mlango wake, ule wa kupigia viazi, akaenda nao kwenye ghala letu. Nilisikia akigonga. Nilipochungulia nilikuta ameurudisha kwenye jembe, ameukaza na kabari, ameutundika ukutani pamoja na mengine. Jembe zima, tayari kwa kazi. Sikuwahi kumwomba.

Sasa nifike kwa lile ninalolizunguka tangu mstari wa kwanza.

Mrusho ule ulipompata yule mtoto mgongoni, mimi pia niliinua mikono.

Hakuna aliyeniona, maana wote walikuwa wanamtazama Cherono. Lakini niliinua. Nilipiga kelele, tena neno lilelile. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nimeshinda, nilikuwa naenda Nairobi, na mimi ndiye niliyesoma sheria zote, mimi ndiye niliyepiga rounda marufuku. Mikono yangu ilikuwa juu kabla kichwa hakijafika. Kama ningepiga kelele nyingine, kama ningesema tu "Mpira! Okoteni mpira!", muda wa kumzuia yule wa pili ulikuwepo. Alikuwa anatembea. Tungebaki sita kwa sita. Tungeendelea kucheza. Mtoto anaweza kukosea. Kazi ya kocha ni kuona mpira uko wapi, nami sikuwa nauangalia. Nilikuwa nashangilia.

Na jioni yote nimemwacha akidhani ameliangusha jambo hili peke yake.

Baada ya taa kuzimwa niliingia chumbani kwake. Hakuwa amelala, alikuwa ameelekea ukuta. Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda nikamwambia yote. Kwamba Jumatano kosa lilikuwa langu. Kwamba hata mimi niliinua mikono. Kwamba sote tulishangilia, na hata mimi mwenyewe, niliyesoma sheria, sikuukumbuka mpira.

Nilitegemea atalia. Nilitaka alie, nimshike, tulie wote halafu iwe imetoka. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu:

"Lakini wewe hukuwa na mpira, Kocha."

Nikamvutia blanketi begani, nikatoka.

Sina mpango wa wiki ijayo. Nimezoea kuandika mpango mwishoni. Mvua ikikata tutapalilia. Kuhusu uwanja, sijui. Watoto wadogo watakuja Jumatatu jioni kama kawaida, nami nitawafundisha nini, na kwa uso gani, wakati yeye yuko shambani upande ule mwingine wa ua akitusikia?

Mstari huu nimeuongeza asubuhi: nililala saa tisa kasorobo.