Ua Lililokuja na Blanketi Lake

Dada Mwanajuma,

Nashika miguu yako kutoka huku Mpwapwa, ambako vumbi linaingia mpaka kwenye pilau na bado nakula kwa raha.

Bibi wa Kijerumani ninayempikia alipanda ua la milima ya kwao, la huko juu kwenye barafu. Mbegu zake ni laini kama ugoro. Alizitia kwenye chungu chenye changarawe, na kila adhuhuri kazi yangu ikawa kukifunika kwa gunia bichi. Miche ikafa yote, ukabaki mmoja. Bibi, kwa kukumbuka kwao, akawa hagusi chakula changu.

Jana ulichanua! Nilitazamia ua la fahari, kumbe ni kijiua cheupe chenye manyoya kama sikio la kondoo. Mama Ndahani, Mgogo anayetuletea maziwa, akaliinamia na kuliamkia kama mgeni: "Mbukwa!" Kisha akaligusa. "Nani kalifunika blanketi na jua hili?" Nikamwambia ndivyo lilivyozaliwa. "Maskini, hakuna aliyemwambia anakuja Ugogo!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini, na jioni akamaliza sahani nzima. Akanipa na mimi chungu, nipande ua la kwetu.

Basi wabusu watoto, na msafiri akitokea, mpe tawi la asumini ya mlangoni kwako, ulifunge kwa kitambaa kibichi. Lakini kwanza liambie wazi kwamba linakuja Ugogo.

Nduguyo akupendaye,
Hamisi