Nauli ya Mtu Mmoja

Jumatano, 21 Mei 2025

Asadu hapokei simu. Anaona ni mimi, anaiacha ilie mpaka ichoke. Tangu niolewe na Swaib hajatuma hata hela ya daftari kwa binti yake. Eti nina mwanamume, anilishe mimi na mtoto wangu. Mtoto wangu! Kana kwamba nilimwokota sokoni.

Shule imesema Khadija hataandikishwa mtihani wa P7, ule wa kumaliza shule ya msingi, kama deni la karo halijalipwa. Swaib anatulisha bila kununa, lakini karakana yake haina kazi. Jirani yangu Eseza anasema niende kwa ofisa wa ustawi wa watoto, hapa hapa Jinja. Mambo ya nyumba za Kiislamu niyapeleke ofisini? Hapana. Nitakwenda Mbale anakoishi Asadu, kwa shehe aliyeniozesha kwake.

Ijumaa, 23 Mei — Mbale

Tumesikilizwa baada ya swala. Shehe alimkaripia Asadu mbele ya mamake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Alipe yote — talaka haikumwondolea ubaba. Asadu kainamisha kichwa.

Kisha shehe akaniuliza kwa upole kama nina mume.

Nikainua shingo. "Ninaye, shehe. Wa ndoa, na mahari alitoa."

Mjinga mimi! Nilidhani nalinda heshima. Akasema mama akishaolewa na mtu asiye ndugu wa mtoto, malezi yanahamia upande wa baba. Asadu alipe, na mtoto aje. Nikasema ana mtihani mwaka huu. Akasema hata Mbale kuna shule. Mamake Asadu akafuta macho kwa furaha.

Jinsi nilivyofika Jinja sijui.

Jumapili, 25 Mei

Sili. Swaib anasema ningemwambia angeuza mashine ya kuchomelea. Sasa ndiyo anasema! Eseza hakunisuta hata kidogo. Kaniletea matoke, na hilo ndilo limeniliza.

Jumatatu, 26 Mei

Pesa zimeingia kwenye simu! Zote! Nimekimbia shuleni hijabu ikiwa upande, nimelipa, Khadija kaandikishwa. Nikawaza: sasa nimemfunga hapa mtaani kwetu Nalufenya mpaka mtihani, shehe apende asipende. Nilicheka peke yangu mbele ya mhasibu, yeye ananishangaa.

Langoni ndipo nikaona zimezidi kidogo. Nikampigia Asadu. Leo alipokea mara moja.

"Hiyo nauli ya mtu mmoja," alisema. "Mtihani atakuja kufanya huko. Kukaa, atakaa kwetu huku Mbale, Namakwekwe."

Nikamwambia namrudishia. Akasema rudisha zote basi. Na hizo nyingine ziko shuleni.

Jumanne, 27 Mei

Nimetia komeo tangu asubuhi. Shuleni sikumpeleka, naogopa njia. Khadija anauliza kama kuna wezi. Swaib yuko karakana. Eseza amekwenda kumwita yule ofisa. Ofisa wangu sasa!

Mlango unagongwa. Nilijiandaa kwa Asadu, matusi nimeyapanga tangu jana. Lakini si yeye. Ni mamake, kaja peke yake na miguu yake mibovu. Hanitaji. Anamwita Khadija kwa lile jina la utotoni, anamwambia amempikia gurusa, ule mkate mwembamba kama chapati, kaufunga kwa kanga usipoe. Huyu mama ndiye aliyembeba mgongoni nilipokuwa mgonjwa baada ya kuzaa. Nitamtukana vipi?

Nimemwambia Khadija anyamaze. Amenyamaza. Lakini ameshavaa viatu. Ananitazama mimi, anatazama komeo —