Namba Tano ni Nyumbani

Seoul, 9 Novemba 2004

Kwako kaka Byeong-ho,

Salamu nyingi. U hali gani huko jeshini? Mimi mzima, ila vidole vinakakamaa kwa baridi, maana kocha hataki hita iwashwe kabla ya chakula cha mchana. Mama hajambo. Anasema uvae soksi mbili mbili na usijifanye shujaa.

Kaka, kwenye ligi yetu ya mchezo wa vita wa kompyuta nimepangiwa kucheza na Se-jun. Ndiyo, Se-jun wako wa timu ya zamani, ambaye mlikuwa mkikaa naye kompyuta kwa kompyuta na kula sahani moja. Mimi msimu huu sijashinda hata mchezo mmoja. Juzi kocha wetu alinisimamisha mbele ya wenzangu, nimeshika bakuli la wali, akasema, "Jin-ho, ukipigwa na kwenye mchezo huu, funga kibodi yako kwenye mfuko ukamsaidie mama yako kuuza tofu." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje?

Nimetazama michezo yake yote mpaka macho yamevimba. Lakini kwenye runinga mtu huona askari tu, haoni vidole. Wewe uliviona vidole vyake kila siku. Ana udhaifu gani? Neno moja tu, kaka. Sitaki kurudi kubeba mifuko ya tofu na kunuka maharage ya soya.

Mdogo wako,
Jin-ho


Cheorwon, 21 Novemba 2004

Mdogo wangu Jin-ho,

Barua yako imefika, nimefurahi kujua u mzima. Mimi sijambo, ukiondoa midomo iliyopasuka. Usicheke: siku hizi mimi mwenyewe ni askari wa namba. Sajini anatukusanya kikundi, anatupa namba, anabonyeza, tunakwenda. Akitusahau tunabaki tumesimama kwenye theluji, kama wale askari wako wa kompyuta uliokuwa ukiwaacha pembeni mwa ramani hadi wanaliwa. Nimewaomba radhi wote niliowahi kuwasahau.

Kuhusu Se-jun, jibu ni hapana. Cha nyumba ya timu hakivuki mlango, hata uwe ndugu yangu wa tumbo moja. Yule tumelala chumba kimoja, tumekunana migongo hamamuni. Bibi yake wa Namhae mpaka leo ananitumia dagaa wakavu huku kambini kana kwamba alinizaa yeye. Niwatafune vipi dagaa wale na huku namuuza mjukuu wake? Fanya mazoezi, wacha uvivu.

Kesho yake. Barua sikuifunga. Nimempigia mama kwenye simu ya kantini, anasema umekonda na hupokei simu zake. Akalia. Mama hajalia tangu mazishi ya baba.

Basi sikiliza, halafu uichome karatasi hii. Unajua kwamba namba ukiibonyeza mara moja unalichagua kundi, na ukiibonyeza mara mbili macho yako yanapelekwa lilipo. Se-jun ameweka askari kwenye moja, mbili na tatu. Tano ni nyumbani kwake, makao makuu. Akisikia tu king'ora kwamba nyumbani kumeingiliwa, anabonyeza tano mara mbili. Hata vita viwe vimepamba moto mbele, yeye kwanza anakwenda nyumbani, na haondoki mpaka adui wa mwisho afe. Nilikuwa namsikia pembeni yangu: ta-ta. Wakati huo askari wake hawana bwana. Watu wa nje hudhani ni bahati mbaya.

Majeshi yakikaribia kukutana, peleka wawili nyuma ya nyumba yake. Wawili wanatosha. Na usimwambie mtu.

Kaka yako,
Byeong-ho


Seoul, 8 Desemba 2004

Kaka!

Habari za huko nitakuuliza mwishoni, kwanza hii: NIMESHINDA. Nilituma wawili kama ulivyosema. King'ora kikalia, jeshi lake likasimama katikati ya daraja kama watu wanaosubiri basi. Nikalifagia lote. Watazamaji walipiga kelele hadi kibanda changu cha vioo kikatetemeka.

Kocha alinikumbatia, akaniita mwanangu. Akasema, "Umejuaje?" Nikamwambia. Usikasirike, kaka. Alikuwa amenishika bega, na hajawahi kunishika bega. Sikuona ubaya, mchezo umeshakwisha.

Se-jun alikuja kunipa mkono. Akasema, "Umekua, Jin-ho. Msalimie kaka yako, mwambie dagaa wapya wako njiani."

Haya, na wewe hujambo?

Mdogo wako,
Jin-ho


Cheorwon, 30 Desemba 2004

Jin-ho,

Ni matumaini yangu u mzima. Hongera kwa ushindi. Dagaa wamefika, wako chini ya kitanda, na sijawafungua.

Nilikuambia usimwambie mtu. Kosa si lako peke yako, maana mimi ndiye niliyeanza kuambiwa nisiseme nikasema. Sasa acha nikueleze nilichokuuzia, kwa sababu hukijui.

Se-jun alilelewa na bibi yake. Akiwa darasa la tano, bibi alikuwa na homa, amelala, na blanketi limeanikwa karibu na jiko la makaa. Alimwambia Se-jun aligeuze. Se-jun akasema anarudi sasa hivi, anakwenda ukumbi wa kompyuta kucheza mchezo mmoja tu. Unaijua ile "mchezo mmoja tu" ya watoto. Alipotoka aliona moshi tokea mwanzo wa uchochoro. Bibi alikuwa ameuzima moto kwa mikono yake. Ile mikono mpaka leo haikunjiki vizuri, ndiyo inayochambua dagaa ninaokula. Se-jun alimkuta amekaa kizingitini, mikono imefungwa matambara, na hakumgombeza hata kidogo. Alimuuliza tu, "Ulishinda?"

Aliniambia haya hamamuni, siku moja tu, na hakuyarudia. Ndiyo maana ya tano, Jin-ho. Ile si tabia mbaya ya mchezaji. Ni mtoto anayekimbilia nyumbani.

Mimi nilijua, na nikakupa. Nilikwambia "wawili wanatosha" kama mtu anayeeleza mapishi.

Mzuie kocha wako kama unaweza.

Kaka yako,
Byeong-ho


Seoul, 20 Februari 2005

Kwako kaka,

Nisamehe kwa kunyamaza. Mama hajambo. Sikukuu ya mwaka mpya nilikuwa nyumbani, tulikula supu ya keki za mchele, na nafasi yako mezani iliwekewa bakuli.

Sikuweza kumzuia. Kocha aliwafundisha wote, na wao wakawaambia marafiki zao wa timu nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa kila anayekutana na Se-jun anatuma wawili. Wengine hutuma mmoja, kwa mzaha, wakijua atakwenda tu. Amepigwa mfululizo. Timu yake imemtoa kwenye orodha, anacheza mazoezi na wadogo na kuwapikia tambi. Wiki iliyopita nilimwona ukumbini amebeba kibodi za wenzake kwapani. Akanitabasamia. Akaniuliza kama huko kwako theluji imepungua.

Nilitaka kumwambia pale pale. Midomo ikafunguka, nikamwambia imepungua.

Mimi sasa niko kikosi cha kwanza. Kocha ananipa nyama ya kwanza sufuriani. Siisikii ladha yake.

Mdogo wako,
Jin-ho


Cheorwon, 27 Machi 2005

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili wangu mzima.

Jumapili Se-jun alikuja kunitembelea. Amepanda mabasi matatu, na kuku wa kukaanga kwenye boksi, amempakata kama mtoto ili asipoe. Tulikaa kwenye benchi la wageni. Ananilisha, anasema, "Kula kaka, umebaki mifupa, bibi akikuona atanilaumu mimi." Mimi nakula. Kinywa kinakataa, na mimi nakula.

Kisha akaniuliza. Hakuniuliza kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alisema, "Kaka, wewe ndiye uliyekaa pembeni yangu. Hakuna anayejua mkono wangu kama wewe. Wote wananipiga kwa njia moja. Niambie nina kosa gani, nilirekebishe. Msimu ukiisha hivi nitarudishwa Namhae, na bibi ameshawaambia majirani kwamba mimi ni mtu wa runinga."

Swali lilikuwa jepesi, na jibu nilikuwa nalo mdomoni pamoja na kuku wake. Nikasema, "Umechoka tu. Pumzika, lala vizuri." Akanishukuru. Akainama hadi kiunoni, Jin-ho, akanishukuru! Kisha akakimbilia basi la mwisho.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Sikuwahi kufikiri kwamba mimi ndiye nguo.

Nimemwandikia. Nilichoshindwa kumwambia usoni nimemwambia kwa kalamu: namba tano, wale wawili, na kwamba ni mimi niliyesema. Jina lako sikulitaja, ila yeye si mjinga. Barua imeondoka na gari la asubuhi. Akirudi uwanjani na ukapangiwa naye, nakuomba jambo moja. Cheza naye uso kwa uso. Usitume wawili.

Kaka yako,
Byeong-ho


Seoul, 15 Mei 2005

Kwako kaka Byeong-ho,

Natumaini hujambo, na kwamba huko mmeshavua makoti. Sijui nianze wapi, basi naanza na lililo baya.

Nilituma wawili.

Timu yake ilimrudisha kwa mchezo mmoja, wa kumjaribu. Nikapangiwa mimi. Kabla sijaingia kibandani, kocha aliniinamia sikioni: "Unajua la kufanya." Nikasema ndiyo, huku moyoni nasema hapana. Nilicheza uso kwa uso muda mrefu, kaka, naapa. Lakini jeshi lake lilikuwa linanisukuma, kocha amesimama nyuma ya kioo amekunja mikono, na mimi nikaiona ile mifuko ya tofu. Kidole kikaenda chenyewe. Nikawachukua wawili, nikawapitisha nyuma.

King'ora kililia kwake. Nikasubiri jeshi lisimame. Halikusimama. Lilikuja tu. Wawili wangu wakachoma ghala, wakaingia makao makuu, hakuna aliyekuja kuwatoa. Nikabonyeza kwenda kutazama, nikaiona nyumba yake yote inawaka moto, na yeye hakugeuka hata mara moja. Alikuwa mbele, ananimaliza. Nikaandika salamu ya kushindwa.

Watu walishangilia kama wazimu. Mtangazaji anapiga makelele kwamba Se-jun amezaliwa upya, amekuwa chuma. Nilikwenda kibandani kwake. Alikuwa bado amekaa, mkono wa kulia umeushika wa kushoto, ameubana kama anayezuia mtoto asikimbie. Nikamwambia, "Kaka Se-jun, nisamehe. Nisamehe mimi, na msamehe kaka yangu."

Akanigeuzia kibodi. Kaka, pale penye tano pana tundu. Amekichomoa kitufe. Alianza mchezo akijua kwamba hata akitaka kwenda nyumbani, hana njia.

Kisha akasema, "Mwambie Byeong-ho barua yake niliipata. Ilinisaidia." Akafunga kibodi kwenye mfuko, akapita katikati ya watu, uso umelowa. Waandishi wakaandika kwamba alilia kwa furaha.

Nimemwambia kocha siwezi tena kutuma wawili kwa mtu yeyote. Ameniuliza kama ninazijua bei za tofu. Nimemwambia ninazijua.

Mdogo wako,
Jin-ho


Cheorwon, 4 Juni 2005

Mdogo wangu Jin-ho,

Salamu. Mimi mzima, mama nimeongea naye, anasema sasa unapokea simu na unaamka mapema kumsaidia kukata tofu. Sikulaumu kwa wale wawili. Anayekufundisha wizi hawezi kukulaumu kwa kuiba.

Se-jun hajaniandikia. Sikutarajia. Nilitaka kumrekebishia kosa lake, kumbe lile ndilo lililokuwa jema kuliko yote aliyokuwa nayo, na mimi nimemsaidia kuling'oa. Kila nikisimama zamu naliona lile tundu ulilonieleza.

Jana limekuja boksi kutoka Namhae. Niliogopa kulifungua, na sajini akafikiri nina kitu cha magendo, akalifungua yeye mbele ya wote. Dagaa, kama kawaida, wamechambuliwa vichwa na matumbo mmoja mmoja. Juu yao karatasi, ule mwandiko mkubwa wa mtu ambaye kalamu inamponyoka vidoleni:

"Se-jun ameshinda. Kula, mjukuu wangu."

Basi. Sijui kama Se-jun amemwambia bibi au hajamwambia. Kama hajui, namwibia. Na kama anajua na bado amewachambua, sijui nitaupeleka wapi uso wangu.

Wenzangu walinyoosha mikono, nikawagawia wote. Nikabaki na mmoja. Nimemweka mdomoni tangu mwanzo wa barua hii, Jin-ho, na bado sijammeza.

Kaka yako,
Byeong-ho