Jembe la Watu Wawili

Kiringye

Mama yangu mpendwa,

Kabla hata sijauliza kama mgongo wako umepona, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama mkubwa ninayelala kwake: nimempa jembe mtu ambaye sijamwona. Sisi huku ni wazima. Naomba Mungu awe anawatunza vivyo hivyo huko Nyamianda.

Unajua tangu nimalize shule ninasaidia kwenye depo ya ushirika, kuwagawia majembe wanaume waliorudi kutoka vitani. Majembe ni machache, kwa hiyo watu wawili hupewa moja. Wenyewe wanapenda hivyo: mmoja analima, mwingine anasimama nyuma yake akichunga majani adui asitokee, kama walivyozoea porini. Asiye na mwenzake hapewi jembe, na asiyelima kabla ya mvua ananyang'anywa shamba.

Juma lililopita mmoja wao, Yaya Kashindi, ambaye sote huku tunamheshimu kama kaka mkubwa, alikuja peke yake.

"Mwenzako iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko inje. Anaona haya kama weye."

Wanaume kwenye foleni wakacheka. Nami, unavyonijua, nilishindwa hata kuchungulia mlangoni. Nikampa.

Jana nilipeleka maji mashambani. Kashindi alimaliza mstari wake, akasimika jembe udongoni, akasema, "Zamu yako, ndugu." Kisha akaenda kusimama nyuma, macho kwenye majani. Niliinama kumimina maji. Nilipoinuka, jembe lilikuwa limesimama mwisho wa mstari wa pili, na udongo wa mstari ule ulikuwa mbichi. Kashindi hakuwa ametoka pale aliposimama.

"Leta vikombe viwili, mutoto," akaniambia.

Nikaleta, nikaviweka chini, nikageuka nisitazame. Vyote viwili vilirudi vitupu.

Leo asubuhi mkubwa wa depo aliniita. "Watu wanasema mwenzake Kashindi alifia porini. Weye ulimuona?"

"Wanalima wawili," nikajibu. Sikuona kama nimedanganya, Mama.

Nisalimie Baba, na nyanya, na shangazi muuza samaki wadogo wa ndagala. Mwambie zile alizotuma zilifika nzuri.

Lakini haya mengine yabaki kwako, hata Baba asijue. Neno likifika hapa, Yaya Kashindi ataondolewa shambani, na mawingu yameshaanza kushuka milimani. Wamebakiza kipande kidogo tu. Waache wamalize.

Binti yako,
Riziki