Kahawa Niliyompa Baba

Barabara ya Kanisani 14,
Val-Cormier, Maine.
Jumamosi, 2 Machi 2019.

Mpendwa kaka Réal,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako Gilles, na za wapwa wako hawa wawili ambao mmoja hujamwona bado ila kwenye picha. U hali gani huko Alaska? Kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha, au bado unakituliza kwa sigara? Jifunike vizuri, kaka. Najua ukishaingia chini ya mitambo ya mgodi hukumbuki hata kofia.

Sisi tunaendelea. Théo ana miezi saba na meno mawili, la tatu linamsumbua, kwa hiyo nyumba nzima hailali. Mireille sasa anauliza kila kitu. Jana kaniuliza kama theluji ikiyeyuka babu atatembea. Gilles yuko msituni na lori la magogo tangu Jumatatu, anarudi leo jioni Mungu akipenda. Theluji imefika dirisha la jikoni na mikono yangu imechoka na koleo.

Baba ametoka hospitali tangu tarehe ishirini na mbili. Homa ya mapafu imekwisha, lakini imeondoka na nguvu zake. Pale kituo cha uuguzi hawakumrudisha kwenye chumba chake cha zamani, karibu na ukumbi wa mazoezi. Wamemweka upande wa pili, ng'ambo ya ile milango ya kijani. Wewe hujafika, lakini kila mwenye mgonjwa pale anajua maana yake. Upande wa kwanza watu wanajiandaa kurudi nyumbani. Upande wa pili wanakaa.

Chumbani yuko na mzee Alcide Nadeau, yule aliyekuwa posta. Amemzidi baba miaka sita, basi anamwita kijana. Kila asubuhi anampigia kelele, "Amka, kijana, viazi havijichimbi!" Na baba kwa ule mdomo wake wa upande mmoja anamjibu, "Na zile barua zangu ulizopoteza, zimefika?" Wahudumu wanacheka. Hicho ndicho kicheko pekee nilichokisikia pale wiki hii.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu. Kwenye simu mimi ningelia na wewe ungefoka, tusingefika popote. Naomba uisome mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Unakumbuka tulivyoambiwa baada ya kiharusi, kwamba koo la baba upande mmoja limelala, na kila anachokunywa lazima kitiwe ule unga mpaka kiwe kizito kama uji, la sivyo kitashukia mapafuni. Juu ya kitanda chake walibandika karatasi ya njano yenye maneno hayo, herufi kubwa, hakuna asiyeiona. Baba alivumilia maji mazito, akavumilia supu nzito. Kahawa nzito aliinywa kwa kulalamika. Kila nikiingia aliniuliza, "Umeniletea kahawa au umeniletea gundi?"

Jumapili ya tarehe kumi Februari, baada ya misa, nilimpelekea ploye, zile chapati zetu za maji. Nilizipika upande mmoja tu kama alivyotufundisha marehemu mama, nikazifunga kwenye kitambaa zikiwa moto. Na unajua nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kula ploye kavu siku ya Jumapili. Unapaka siagi, unakunja, unachovya kwenye kahawa, kisha unakunywa iliyobaki kikombeni. Mkobani nilikuwa na chupa yangu ya kahawa, ile ninayotembea nayo siku hizi nisisinzie kwenye usukani.

Nilikuwa na furaha, Réal, na hilo nalo ujue. Ijumaa iliyotangulia baba alikuwa amepanda ngazi tatu na fremu yake ya kutembelea. Colleen, yule dada wa mazoezi, aliniambia zimebaki siku kama kumi aje nyumbani. Nilikuwa nimeshatandika kitanda kwenye chumba cha chini. Nikajiambia, mtu aliyepanda ngazi tatu hawezi kushindwa na kahawa kidogo.

Basi nikachovya, nikamlisha. Kisha nikamnywesha kifuniko kizima cha chupa, na cha pili nusu. Akakohoa, akafuta machozi, akasema, "Sasa ndiyo Jumapili." Karatasi ya njano ilikuwa juu ya kichwa chake na mimi nilikuwa nimeipa mgongo.

Baada ya hapo akaingia Bernadine, mhudumu wa zamu ya asubuhi, kuchukua sinia. Aliona makombo kifuani mwa baba. Akasikia sauti yake imelowa, kama ya mtu anayesukutua.

"Josette, mdogo wangu," akaniuliza, "umempa chochote cha kunywa?"

"Hapana. Ni makombo tu."

"Sikugombezi. Nataka tu kujua kama nimwite nesi amsikilize kifua."

"Nimekwambia hapana. Ni baba yangu, unadhani nataka kumwua?"

Akamfuta baba shati, akatoka na sinia lake.

Ni hilo hapana, kaka. Kahawa nilimpa kwa kumpenda, na labda siku moja nitajisamehe. Lakini ningesema ndiyo, angesikilizwa kifua mchana uleule. Homa ilimpanda Jumanne. Daktari wa hospitali alisema siku mbili hizo ndizo zilizomharibu. Niliona aibu mbele ya mwanamke aliyeshika sinia, na kwa aibu hiyo baba yuko ng'ambo ya milango ya kijani.

Kuna na baya zaidi, na hili unalijua nusu yake. Uliponipigia ukiuliza nani alimlisha baba siku ile, nilikuwa na nakala ya daftari lao la milo mkononi. Nikakusomea mwenyewe: kifungua kinywa, Bernadine Lagassé, amekunywa kahawa yote. Ilikuwa ile ya saa mbili asubuhi, iliyotiwa unga, na mimi nilijua. Ukasema, "Basi ndiye huyo mzembe, nitamnyoosha." Nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba utaandika kwa hasira kisha utaliacha. Kama vile sijakulia na wewe nyumba moja.

Malalamiko yako yamefika kwa mkurugenzi na kwenye ofisi ya jimbo. Tangu Jumatatu Bernadine amesimamishwa. Wakimpata na kosa, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wahudumu, na hatagusa tena mgonjwa popote katika jimbo hili. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa.

Na Bernadine unamfahamu. Lagassé ni jina la mumewe. Ni yule binti wa Thériault aliyekuwa akija kuokota viazi shambani kwetu shule zikifungwa kwa mavuno, aliyekupita mapipa kumi kwa siku moja ukanuna hadi Jumapili. Ndiye anayemnyoa baba kwa maji ya moto na kitambaa, polepole, kuzunguka ule mdomo uliolala. Wengine wanampitishia mashine na kwenda zao. Tangu asimamishwe baba hajanyolewa.

Mambo mengine uliyoandika usiyafute. Kwamba kengele inalia dakika arobaini kabla mtu hajaja, ni kweli, nimeihesabu mwenyewe kwa saa yangu. Kwamba Jumapili wahudumu ni wawili kwa wagonjwa thelathini, ni kweli. Ile sweta ya bluu iliyopotelea kwenye dobi haijapatikana mpaka leo. Hayo yaache, yanawahusu wakubwa wao, na wakubwa wajibu. Ila usichanganye hasira yetu yote ukaitwisha mwanamke mmoja, tena ambaye hakukosa.

Baba nimemwambia Alhamisi. Nilipiga magoti kando ya kiti chake cha magurudumu nikasema yote, la kahawa na la uongo na la wewe. Nilitegemea anishike kichwa, aseme yamekwisha, binti yangu. Hakusema hivyo. Alianza kutoa maneno, moja moja.

"Na yule msichana, yuko nyumbani?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na leo Alhamisi," akasema.

Hata mzee Alcide alijigeuzia ukutani.

Jana nikawaacha watoto kwa shangazi Huguette, nikaenda kwa Bernadine. Alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Nikayasema yote palepale barazani, kwa sababu hakunikaribisha ndani, na mimi sikuwa na haki ya kukaribishwa. Hakulia, hakunitukana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Nilikuuliza, Josette. Nilikuuliza vizuri kabisa." Nikamwambia ndiyo, uliniuliza. Akafunga mlango taratibu. Nilikaa kwenye gari mpaka vioo vikaganda.

Jumanne saa nne asubuhi nina miadi na mkurugenzi. Nimeyaandika yote kwenye karatasi mbili na kutia sahihi, nakala moja ninampa yeye, nyingine naituma ofisi ya jimbo. Gilles hajui bado, nitamwambia leo akishakula. Inawezekana wataninyima kukaa na baba bila mtu wa kunitazama. Inawezekana pia watu wa hapa watanisema mpaka Pasaka, unawajua. Nitavumilia. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshakwenda, kwa hiyo usinipigie kunizuia, wala usiniambie tungoje tuone. Nimeshangoja wiki tatu, na unaona kungoja kwangu kumefanya nini.

Nawe nina jambo moja la kukuagiza, ingawa ni mdogo wako. Waandikie ofisi ya jimbo siku hiyohiyo utakayosoma barua hii. Waambie jina la Bernadine Lagassé liondolewe, na kama fomu yao haiwezi kukaa bila jina la mtu, liandike la kwangu. Ukishatia barua hiyo posta, nipigie unifokee unavyotaka. Nitashika simu na sitakata.

Halafu njoo, Réal. Sisemi hivi kukutia hatia, hatia ninayo ya kutosha kwa wote wawili. Colleen bado anapita kumwona kila siku robo saa, kwa hiari yake, na juzi baba alisimama akihesabu hadi kumi na nne. Lakini ngazi hajazigusa tena, na daktari haongei tena habari ya kurudi nyumbani. Kile kitanda cha chini nimekitandua. Mashuka yalikuwa yanapata unyevu.

Shangazi Huguette anakusalimu sana, anasema usiache misa za Kwaresima hata kama huko mgodini padri ni wa kutafutwa. Binamu Rosaire anasema ile bunduki yako ya kuwindia kulungu ameisafisha, iko salama kwake. Nisalimie wifi Noreen, mwambie soksi alizomfumia Théo zimeshakuwa ndogo na bado namvalisha.

Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akutoe salama kila jioni. Mwombee baba. Mwombee na Bernadine, kwa jina lake, siyo la yule mzembe.

Mdogo wako akupendaye leo, na atakayekupenda hata siku utakapomkasirikia,

Josette