Bibi Kwenye Kompyuta Kumi na Mbili

Jumatatu, 8 Septemba
Nimefuta vumbi kompyuta zote kumi na mbili, kama kila Jumatatu. Neema alikuja mwishoni, kamera ya baba yake shingoni. Darasa lote likamzunguka. Mimi nikabaki na kitambaa.

Mwalimu Sanga anataka picha moja ikae kwenye skrini zote siku ya wazazi, Ijumaa. Iwe ya kwetu hapa Kasulu, siyo yale maua yaliyokuja na kompyuta. Tumeleta wawili tu, mimi na Neema. Na wote wawili tumeleta picha ya bibi yangu.

Kosa langu. Nani alinituma nimpeleke Neema nyumbani kwetu Jumamosi?

Yangu: Bibi amesimama mlangoni, mikono chini, mdomo umefungwa. Akiona kamera husimama hivyo. Tangu avuke kutoka Burundi hajawahi kupigwa picha isiyo ya kadi. Kadi ya kambi ya wakimbizi, Mtabila. Kadi ya chakula. Karatasi za uraia.

Ya Neema: Bibi amekunja magoti kidogo, anampigia makofi ya salamu kama Waha wanavyofanya, anacheka. Hadi pengo la jino linaonekana. Na Neema hata kuitikia hajui! Ni mtoto wa daktari, wamehamia mwaka jana kutoka Kibondo, na kabla ya hapo Moshi. Alisema "shikamoo" tu, basi, Bibi akachanua.

Mwalimu amechagua ya Neema.

Naona wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema.

Jumanne, 9 Septemba
Kazi ya kuiweka nimepewa mimi. "Editha haongei, lakini kompyuta zinamsikia," Mwalimu kasema. Darasa zima likacheka.

Ajabu. Ukiifungua picha yenyewe ni safi, mikunjo ya vidole unaihesabu. Ukiiweka iwe mandhari ya nyuma ya skrini inachafuka. Uso madoa madoa, vidole vimeungana. Mwalimu akainama: "Mbona kama kapigwa jikoni, kwenye moshi?" Yeye ni wa Jiografia, kompyuta alikabidhiwa tu.

Nilifurahi. Nilifurahi kweli.

Jumatano, 10 Septemba
Nimejua sababu. Nimesoma maelezo ya Kiingereza mwenyewe, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Kiingereza cha kusoma nakiweza, cha mdomoni ndicho kinachonikaba. Ni hivi: picha ya JPG ukiiweka nyuma ya skrini, kompyuta haitumii ile yako. Inajitengenezea nakala, inaibana iwe nyepesi, ubora unapotea. Dawa yake, unaipunguza picha ilingane na skrini, unaihifadhi kwa aina nyingine, PNG, ndipo unaiweka. Dakika mbili.

Nikaifanyia yangu, kompyuta namba nne. Imetulia kabisa, hadi misumari ya mlango.

Ya Neema sikuigusa.

Mwalimu aliuliza kuhusu hiyo. Nikasema picha za kamera kubwa ni nzito mno kwa mashine zetu. Uongo. Na ulitoka vizuri, mimi ambaye kuitika jina tu kunanitoa jasho. Akasema basi, tuweke yangu kote.

Neema kanishika bega: "Hongera, shosti." Ndiyo ikaniudhi zaidi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemaliza zote. Nilidhani nitajisikia vizuri. Najisikia kama nimekula ugali wa mtu.

Neema aliingia, akakaa namba saba, akabonyezabonyeza muda mrefu. Akatoka bila kuniaga.

Nyumbani Bibi ameanika kitenge chake cha kesho. Amewaita wenzake wawili wa Makere, aliokaa nao kambini, waje wamwone anavyocheka kwenye mashine. Kumbe Neema alimwonyesha ile picha kwenye kamera Jumamosi ileile. Sikujua.

Nilipaswa kumwambia. Nikaenda kuchota maji.

Ijumaa, 12 Septemba
Bibi alisimama mbele ya namba moja. Akaenda namba mbili. Akazunguka zote kumi na mbili, wenzake nyuma yake. Kisha akaniuliza mbele ya watu: "Mwana wanje, mwanangu, mbona hii ni ya kadi?"

Nikajifanya napangusa kioo cha namba kumi na mbili.

"Ile ninayocheka iko wapi?"

"Huyu hapa anasubiri kuitwa kwenye mgawo wa mahindi," mwenzake mmoja akasema. Wakaangua kicheko wawili. Bibi hakucheka.

Aliyejibu ni Neema. "Ile iliharibika, Bibi. Editha kahangaika nayo sana."

Bibi akanishika mkono akanipa pole. Pole! Mimi!

Najichukia. Sina neno jingine.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani sikusikia kitu. Bibi kakunja kitenge, kakirudisha sandukuni. Hajataja tena picha. Bora angenigombeza.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimewahi kabla ya kengele. Nimeifungua ya Neema, nimeipunguza, PNG. Zote kumi na mbili. Vidole vinaonekana kimoja kimoja.

Neema alipoingia nilimwambia kila kitu, macho sakafuni. Akasema alijua tangu Alhamisi. Aliona faili langu linaishia na PNG na lake JPG, akaenda akasoma kwa nini.

Nikamuuliza, sasa mbona ulinitetea?

"Sikukutetea wewe. Bibi alikuwa anasikia."

Mwalimu ameruhusu Bibi aje tena kesho saa nne. Neema amesema atakuwepo. Kisha akachukua daftari lake kwenye dawati letu, akahamia la mbele.

Sikumfuata. Nje kumeanza manyunyu, nimefunga madirisha.