Uzi Mwekundu kwenye Transfoma

Surabaya, 9 Aprili 1994

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Napiga magoti mbele yako kwa njia ya karatasi, maana mwili wenyewe umeshikwa na kazi huku Surabaya. Natumaini hujambo, kifua kimetulia, na yale macho hayakusumbui sana. Sisi hapa wazima. Mkweo Ratri anakusalimu, na wajukuu wana mafua ya mvua lakini chakula hawakiachi.

Sasa Mama, nina neno, na usinione mdogo kwa kulisema. Jirani yako Bi Sumirah alikuja huku Surabaya juzi, akapita dukani kwangu. Nikamuuliza kwa utani, "Ile amplifaya niliyomletea Mama siku ya Idi, inaimba vizuri?" Akacheka, unamjua anavyocheka na mkono mdomoni. Akasema, "Yako imefunikwa kitambaa chini ya cherehani, baba. Inayoimba sebuleni ni ya Jatmiko."

Mdogo wangu nampenda, lakini ile yake nimeiona. Ile si amplifaya, ni banda la kuku lililotiwa umeme. Mimi nina duka. Jina langu limechongwa kwenye bati la mbele, na watu wanatoka Malang na Kediri kuja kununua. Yeye anaundia vitu vyake kwenye kibaraza chako, kati ya ndoo na sufuria, halafu sebule ndiyo kapewa yeye! Kila mgeni anayekuja kukusalimu anaiona kazi ya nani? Imeniuma, sifichi.

Wewe ndiye uliyemsukia marehemu Baba transfoma za amplifaya zake zote, ukizungusha waya kwa mkono, tangu sisi hatujazaliwa. Hakuna jicho Solo nzima ninaloliamini kuliko lako. Nakuomba ufungue vifuniko vya zote mbili, uangalie ndani, uniambie ipi imeundwa vizuri zaidi. Usinibembeleze.

Mwanao wa kwanza,
Widagdo


Solo, 21 Aprili 1994

Mwanangu Widagdo,

Waalaikum salaam. Magoti yako nimeyapokea, inuka. Mimi sijambo. Kifua kimenyamaza, macho ndiyo yanacheza. Nikitazama taa moja naona mbili. Jatmiko anasema nishukuru, napata umeme wa bure. Wape wajukuu tangawizi na sukari ya mnazi, na Ratri mwambie ile achari yake ya maembe imekwisha.

Bi Sumirah na mdomo wake nitaongea naye. Yako nimeifunika kwa sababu paka amegundua kwamba ina joto. Kulinganisha kazi za watoto ni kutafuta ugomvi ndani ya nyumba, lakini wewe mwenyewe umesema nisikubembeleze. Basi kunywa chai kwanza.

Nilisubiri Jatmiko aende sokoni, nikazifungua zote mbili mezani. Yako, kwa sura, ni bwana harusi. Bati la mbele nene, kitufe cha sauti kinazunguka laini wala hakichezi. Lehemu zako zinang'aa, hakuna hata tone lililomwagika, na hapo baba yako angekupigia makofi. Lakini nilipoinyanyua, bati la chini lilipinda. Uzuri wote umeuweka mbele, chini umeweka bati la mkebe wa biskuti. Nyaya zimelala ovyo kama tambi za jana. Na ile transfoma ya kiwandani, yenye karatasi ya maandishi ya dhahabu, inavuma. Mwimbaji wa nyimbo za keroncong akinyamaza kuvuta pumzi, transfoma yako inaendelea kuimba.

Ya Jatmiko ni mbaya, kweli. Mbao za kitanda cha bibi yenu, skrubu za aina tatu, na swichi sijui kaing'oa kwenye mashine gani ya kukoboa mpunga. Lehemu zake zina vitambi. Lakini niliisimamisha kwa ubavu, nikaitikisa, hakuna kilichocheza. Kila waya umepewa njia yake na kufungwa. Haivumi.

Umeuliza, nimejibu. Ule vizuri.

Mama yako


Surabaya, 15 Mei 1994

Mama,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Barua yako niliisoma nikasema, sawa, macho ya Mama yamechoka, na jikoni kwake Jatmiko ndiye anayechota maji. Nikataka kuyaacha. Lakini jana yamenikuta mengine.

Chama chetu cha wapenda sauti kilikutana nyumbani kwa Pak Gondo. Unajua desturi yetu: kwanza tunasikiliza, halafu tunafungua vifuniko, na hapo hakuna adabu. Alikuwepo fundi mmoja wa Malang anayesifika kwa uzito. Amplifaya yake ilibebwa na watu wawili, jasho linawatoka, na kila mtu anasema, "Mzigo huo ndio kazi!" Kufungua, ndani kuna tofali la zege limekazwa kwa bolti. Tulicheka mpaka yule bwana akaondoka bila kumaliza mchuzi wake wa rawon. Yangu ikafunguliwa, wakatikisa vichwa vya kukubali, wakapita.

Kisha mtu wa Madiun akaweka mezani boksi la mbao alilolinunua Solo, skrubu za aina tatu. Nikalijua hapo hapo, kazi ya Jatmiko. Watu walicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Likafunguliwa, kicheko kikakatika. Wakaanza kupokezana tochi. Pak Gondo akasema, "Jamani, hii transfoma nani kaisuka? Huyu si fundi, huyu ni mama yake fundi."

Hakujua alichokisema. Nikainama na tochi. Pale waya wa mwisho unapotokea kuna uzi mwekundu, mafundo mawili, ncha imerudishwa ndani. Fundo lako, Mama. Nimekua nikilitazama fundo hilo.

Siku ya arobaini ya Baba ulisema mbele ya wageni, "Mikono yangu imestaafu." Sote tukaitikia. Kumbe imestaafu kwangu tu. Kwa Jatmiko bado iko kazini! Mimi ninunue transfoma za kiwandani, yeye asukiwe na mamaye, halafu tupimwe kwenye meza moja, na wewe mwenyewe uniandikie kwamba yangu inavuma. Itaachaje kuvuma? Haina mama.

Nina wivu, ndiyo. Nimeona niseme mwenyewe kabla hujaniambia.

Widagdo


Surabaya, 20 Juni 1994

Mama,

Asalaam aleikum. Hujambo? Mwezi umepita na zaidi. Nilidhani barua imepotea, lakini Bi Sumirah kasema alimwona tarishi akikupa mkononi.

Kama nilivuka mpaka, nikemee. Kukemewa nimezoea, kunyamaziwa sijazoea. Ratri anauliza kila siku kama Mama amejibu, na mimi namjibu kwamba posta wamezidi uvivu.

Macho yanaendeleaje?

Mwanao,
Widagdo


Solo, 18 Julai 1994

Mwanangu Widagdo,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, na natumaini nyumba yako nzima haijambo. Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu nilikasirika, na nikikasirika mwandiko wangu hausomeki. Sasa nimepoa.

Ni kweli nilisema mikono imestaafu, lakini unakumbuka siku ulipofungua duka? Tumekata kilima cha wali wa manjano, wageni wamejaa mpaka barabarani. Nilikuvuta kando, karibu na mlango wa nyuma, nikakuuliza, "Nikusukie transfoma?" Ukainamisha kichwa, ukasema kwa sauti ya adabu, "Usijisumbue, Mama." Jatmiko alikuwa amesimama hapo hapo, kipande cha tempe mdomoni. Yule asiye na haya akasema, "Nisukie mimi. Mbili!"

Waya wa shaba ulikuwa ndani ya kapu langu, Widagdo. Nilikuwa nimeshaununua, nikapanda nao treni kutoka Solo. Ule ndio uliotoa transfoma mbili za Jatmiko. Moja iko sebuleni kwangu na nyingine umeimulikia tochi.

Hiyo sungkan yako, ya kukataa mara ya kwanza ili mkubwa akubembeleze mara ya pili, najua. Mimi ndiye niliyekufundisha, tena kwa kukufinya paja mbele ya wageni. Wewe ulikuwa unangoja niulize tena. Na mimi nilitakiwa niulize tena. Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu dakika chache nyuma nilikuona unawaonyesha wateja zile transfoma za kiwandani. Ulikuwa unazifuta kwa kitambaa cheupe. Za kwangu ulikuwa unazikalia utotoni, unazipiga teke chini ya meza. Nikajiambia, huyu amepata vya maandishi ya dhahabu, mikono ya mamaye ataiweka wapi? Nikauonea wivu mzigo wa chuma. Kwa hiyo usidhani wivu umeuokota Surabaya.

Tumepoteza miaka mitatu kwa adabu.

Sasa nauliza mara ya pili. Nikusukie transfoma? Ya tatu haitakuwepo, mwanangu. Daktari anasema jicho la kulia limekwisha, la kushoto lafuata. Jibu kama mdogo wako.

Mama yako


Surabaya, 24 Julai 1994

Mama,

Asalaam aleikum. Nilianza karatasi moja nikajikuta nimeandika "usijisumbue." Nikaichana. Ya pili nikaandika "kama hutachoka." Nikaichana nayo. Ratri akaninyang'anya kalamu, akasema ataandika yeye.

Ndiyo, Mama. Nisukie. Naitaka sana.

Mwanao,
Widagdo


Solo, 2 Septemba 1994

Mwanangu Widagdo,

Waalaikum salaam. Mimi sijambo, mgongo tu. Barua hii anaiandika Jatmiko, mimi nasema. Akiongeza lake utalijua kwa makosa ya herufi.

Transfoma yako imekwisha na inakuja na mzigo huu. Imechukua muda kwa sababu nilipoanza niligundua kwamba vidole vinajua njia, lakini hesabu inanipotea. Zamani nilikuwa natazama waya unavyolala, safu kwa safu, naona nilipofika. Sasa sioni safu. Mizunguko ikipungua au ikizidi kazi imeharibika, unajua. Nikamwambia Jatmiko, "Kaa hapa, uhesabu kwa sauti."

Basi akakaa. Mimi nasuka, yeye anahesabu. Tulipokaribia mwisho, Bi Sumirah akapita nje, akasema, "Habari za asubuhi, mnaendeleaje?" Na mdogo wako, asiye na haya miaka yote, siku hiyo ndiyo adabu ikampata! Akajibu, "Nzuri, Bi, karibu." Hesabu ikaruka. Tukafumua yote, tukaanza upya. Nilimtukana, Mungu anisamehe. Mara ya pili alifunga mlango, akahesabu mpaka sauti ikamkauka, na alipomaliza akalala hapo hapo sakafuni.

(Kaka, sikulala, nilipumzika. Jatmiko.)

Uzi mwekundu upo, mafundo mawili. Fundo la pili kalifunga yeye, mimi nilikuwa sioni ncha. Jana ameshinda amenuna. Nikamuuliza ana nini, akasema, "Zangu ulisuka peke yako huku unapika. Ya Kaka mmekaa watu wawili."

Ndiyo hiyo, sasa. Mmoja akishiba mwingine analia. Leteni amani, nimechoka.

Mama yako


Surabaya, 30 Septemba 1994

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Napiga magoti, na safari hii nitayaleta magoti yenyewe. Tunapanda treni Ijumaa ijayo, mimi, Ratri na watoto. Natumaini wote hamjambo, na sauti ya Jatmiko imerudi.

Mzigo ulifika salama. Nilikaa na ile transfoma mapajani muda mrefu kabla ya kuigusa kwa bisibisi. Ratri akapita, akaniuliza kama naiombea dua. Nimeiundia amplifaya mpya, ndogo, ya kuendesha spika moja tu. Bati la chini nene, paka wako alete na ukoo wake walale juu. Kila waya nimeupa njia yake na kuufunga, kama alivyofanya mdogo wangu, na hilo mwambie mara moja tu, asije akavimba kichwa. Jina langu mbele sikuchonga. Nilipowasha nikaweka sikio kwenye spika. Kimya, Mama. Hesabu ya mdogo wangu ni sahihi.

Pak Gondo aliomba aione kwenye chama. Nikakataa. Hiyo haifunguliwi kifuniko na mtu.

Nimeamua hivi. Sebuleni kwako kuna spika mbili. Moja iendeshwe na ya Jatmiko, nyingine na yangu, keroncong ipite kwetu sote wawili ndipo ikufikie wewe. Ile ya zamani niliyokuletea siku ya Idi mwachie paka.

Na kwa kuwa sasa nimejua kuomba, naomba wazi, bila kuinamisha kichwa, kabla Jatmiko hajafungua mdomo: spika ya kulia, Mama, ile iliyo karibu na kiti chako, iwe yangu.

Mwanao wa kwanza,
Widagdo